Betri Iko Kifuani, Kazi Iko Miguuni

Watu wakisikia nina mashine kifuani, jambo la kwanza wanalofanya ni kunipokonya mzigo. Kijana wa dukani hunibebea mfuko wa unga hadi kwenye boda boda, shemeji hunisogezea kiti kabla sijasalimia, na mzee mmoja wa kanisani aliniuliza kama bado naruhusiwa kupanda ngazi. Naruhusiwa. Hata Mlima Menengai napanda. Ila napanda kwa akili, na akili hiyo imetokana na kuijua mashine yenyewe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru. Nimetengeneza mageti na madirisha tangu mji huu ukiwa manispaa hadi ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Umeme nauelewa, kwa hiyo daktari hakupata taabu kunieleza ugonjwa wangu.

Moyo ni pampu ya msuli inayopigishwa na umeme wake wenyewe. Katika chumba cha juu, upande wa kulia, kuna sehemu ndogo inayotoa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Umeme huo hushuka hadi kituo cha katikati, ukakawia kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, kisha ukasambaa vyumba vya chini, navyo vikakaza na kuisukuma damu mwilini. Kwangu mimi njia ya katikati ilikatika. Vyumba vya juu viliendelea kupiga sawasawa, lakini vya chini havikupata habari, vikawa vinajipigia vyenyewe polepole mno. Mara nyingi chanzo ni umri tu, nyuzi zinazopitisha umeme zinapoota makovu. Wengine hupatwa baada ya mshtuko wa moyo au upasuaji wa vali, na wapo watoto wanaozaliwa na hali hii.

Dalili zake hudanganya. Nilikuwa nachoka nikifunga kamba za viatu, nasikia kizunguzungu, na mara nyingine naanguka ghafla kisha nazinduka baada ya sekunde chache nikiuliza kuna nini. Zahanati ya kwanza iliniandikia dawa za malaria, ya pili ikasema ni presha. Jirani akamshauri mke wangu atafute dawa ya kifafa, kwa kuwa nilipoanguka mikono ilirukaruka. Kumbe ubongo ukikosa damu kwa muda, mwili unaweza kurukaruka hivyo hivyo. Aliyeufumbua mchezo ni muuguzi aliyenishika mkono huku akitazama saa ya ukutani. Mapigo 32 kwa dakika. Akahesabu tena, akatoka bila kusema neno, akarudi akisukuma mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi.

Mapigo machache peke yake si ugonjwa. Mkimbiaji wa Iten anaweza kuwa na 45 akiwa amekaa, kwa sababu moyo wake wenye mazoezi unasukuma damu nyingi kwa kila pigo, na akianza kukimbia unapanda papo hapo. Wangu haukupanda. Nikitembea ulibaki pale pale, nami ndiye niliyelala chini.

Dawa ya hali hiyo ni pesimeka, mashine yenye betri inayoupigisha moyo kwa umeme. Watu hudhani kifua hupasuliwa. Hapana. Nilidungwa sindano ya ganzi chini ya mtulinga wa kushoto, daktari akapitisha waya ndani ya mshipa huku akiufuata kwenye picha ya eksirei, akaufikisha chumba cha chini cha moyo, kisha akakitia kifaa chini ya ngozi. Nilikuwa macho nikimsikia akizungumza na wenzake. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo sikutakiwa kuinua mkono wa kushoto juu ya bega wala kubeba kitu kizito, maana waya unaweza kuchomoka kabla haujashikwa na kovu. Lakini nilionywa pia nisiufunge mkono kama uliovunjika, kwa kuwa bega lisilochezeshwa hukakamaa.

Mtu wa kwanza duniani kuwekewa kifaa kama hiki ndani ya mwili ni Msweden, Arne Larsson, mjini Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958. Kilibuniwa na Rune Elmqvist, na daktari wa upasuaji alikuwa Åke Senning. Kifaa cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Larsson akabadilishiwa kingine na kingine, jumla yake 26, akaishi hadi mwaka 2001 alipofariki akiwa na miaka 86, tena kwa saratani wala si kwa moyo. Aliwazika wote wawili, mbunifu na daktari.

Sasa nirudi kwenye kupanda mlima. Pesimeka ni kama makanga anayegonga bodi ya matatu: anatoa ishara ya kuondoka, lakini gari huendeshwa na injini. Msuli wa moyo, mapafu na miguu ni juu yako. Ukikaa kwenye kiti mwaka mzima, mashine itagonga mara 60 kila dakika na wewe utazidi kudhoofika.

Tena makanga huyu haoni kila kitu. Kuna pesimeka zenye nyaya mbili, ambazo husikiliza chumba cha juu na kufuata kasi yake. Bei yake iko juu zaidi. Yangu ina waya mmoja, na ili ijue kwamba ninafanya kazi inategemea kipima mtikisiko, cha aina ile iliyomo kwenye simu zinazohesabu hatua. Kifua kikitikisika, inaongeza mapigo. Kikitulia, inapunguza. Kilele cha Menengai kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 400 juu ya mji. Nikipanda mteremko mkali, hatua zangu ni fupi na za polepole. Miguu inawaka, pumzi inakata, lakini kifua hakitikisiki sana, kwa hiyo mashine inadhani natembea sokoni. Nikiteremka, kila hatua inagonga ardhi, na mashine inaongeza mapigo wakati mimi sina shida nayo. Kwenye matatu inayopita barabara mbovu ya Solai, moyo unanienda mbio nikiwa nimeketi na tikiti mkononi. Kwenye baiskeli, lami ikiwa laini, unakuwa mzito.

Nilipomweleza daktari hayo hakunikataza mlima. Aliniwekea kidude juu ya kifua, kikazungumza na kompyuta yake, akanituma nitembee haraka kwenye ukumbi wa hospitali, kisha akaongeza wepesi wa kile kipimo. Ndiyo maana kliniki ya kila baada ya miezi kadhaa si ya kuangalia betri peke yake. Mwambie daktari unafanya kazi gani na unachokea wapi, maana mashine hupangwa kumfuata mwenyewe. Nami nimejifunza kukaza mwendo mapema kwenye tambarare ili mapigo yawe yamepanda kabla ya mlima, na kusimama kabla pumzi haijaniamuru.

Kazini ndiko nilikolazimika kubadilika zaidi. Pesimeka husikiliza umeme wa moyo kabla ya kugonga. Umeme mkubwa wa mashine ya kuchomelea unaweza kuipotosha ikadhani ni moyo unaopiga, ikanyamaza kwa muda, na mimi moyo wangu unaitegemea. Wapo mafundi wanaoruhusiwa kuendelea kwa nguvu ndogo ya umeme na kwa umbali maalumu. Mimi niliamua kuwaachia vijana. Napima, nachora, nakata kwa msumeno wa mkono. Sakafuni tumechora mstari wa chaki mbali na mashine. Kijana akipiga kelele, “Mzee, nawasha!” navuka mstari.

Mengine ni madogo. Simu haikai mfuko wa shati, wala kwenye sidiria kwa akina mama. Iwe mbali na kifaa angalau sentimita 15, na uisikilizie sikio la upande wa pili. Redio, televisheni na jiko la maikrowevu havina neno. Uzio wa umeme, kama ule unaozunguka Mbuga ya Ziwa Nakuru, usiuguse. Ndondi, ambayo sisi wa Nakuru tunaipenda tangu Philip Waruinge alipoleta medali za Olimpiki za 1968 na 1972, naitazama tu, maana ngumi ya kifuani inaweza kuharibu kifaa au waya.

Gharama ndiyo mlima wenyewe. Kifaa na kukiweka ni laki kadhaa za shilingi, na hata baada ya bima ya afya ya SHA kuchukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, familia nyingi bado hujazia kwa mchango. Kuna njia nyingine inayochunguzwa. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, hukusanya pesimeka za marehemu kwa idhini ya familia, huzisafisha na kuzipima upya zile zenye betri ya kutosha. Matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa karibu 300 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, yalitangazwa Novemba 2024: kwa siku 90 za kwanza, hazikufanya vibaya kuliko mpya.

Betri hudumu miaka minane, kumi, pengine zaidi. Ikiisha, kifaa hubadilishwa na mara nyingi waya hubaki. Kabla ya yote hayo, kuna jambo lisilogharimu hata shilingi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Wafanyie wazee wa nyumbani kwako pia. Ukipata chini ya 50 kwa mtu anayechoka au anayezimia, nendeni hospitali, na msikubali kutoka na vidonge vya malaria kabla hamjaona karatasi ya ECG.