Unauza mtandaoni ukiwa Kigonsera? Tuma mzigo ukiwa na ushahidi mkononi

Leo tuongelee kitu kinachotuumiza wengi: kutuma mzigo.

Msimu uliopita nilimtumia mteja wa Dar kilo 5 za kahawa ya kusaga. Niliandika kwa kalamu jina moja na neno "Dar", nikampa kondakta pale barabarani, nikarudi zangu nyumbani. Basi likafika, mzigo haukuonekana. Risiti sina, picha sina. Nikarudisha hela, kahawa nikaikosa, na mteja hajanunua tena kwangu. Hasara mara tatu kwa uzembe wa dakika 10.

Wenzetu wa miji mikubwa wanaingia duka moja ndani ya mall: wanaprinti, wanafungasha, wanatuma na kupokea barua zao hapo hapo. Sisi huku kazi hizo zimegawanyika: stesheneri, ofisi ya basi na Posta. Twende moja moja.

1. STESHENERI: PRINTI LEBO
Andika lebo kwenye simu, itume kwa WhatsApp pale stesheneri, waprinti. Karatasi moja ya A4 inatoa lebo 4. Weka jina kamili la mpokeaji, namba zake 2 za simu, mahali atakapochukulia mzigo, jina lako na namba yako. Kama ni maboksi mawili, andika "1 kati ya 2" na "2 kati ya 2".

Lebo moja bandika nje, nyingine weka NDANI ya boksi. Ya nje ikibanduka, ya ndani itakuokoa. Wino wa printa nyingi unachuruzika ukilowa, kwa hiyo funika lebo yote kwa selotepu pana. Thamani ya mzigo usiiandike juu ya boksi, utawatamanisha watu bure.

2. KUFUNGASHA
Kahawa inanyonya harufu. Usiiweke boksi moja na usipa, yaani dagaa wa Nyasa kutoka Mbamba Bay, hata kama mteja ni mmoja. Usipa wawe wamekauka kabisa. Asali: kaza mfuniko, zungushia selotepu, kisha tia chupa kwenye mfuko wa plastiki. Ukimaliza tikisa boksi. Ukisikia kitu kinacheza ndani, jazia magazeti.

3. BASI
Linawahi, ndo maana tunalipenda. Ila mzigo upeleke OFISINI, Mbinga au Songea, sio kumkabidhi kondakta njiani. Kama unakwenda Dar, uliza: unabadilisha gari Songea? Nani anaupokea pale? Utashushwa wapi? "Dar" sio anwani. Stendi ya Magufuli kule Mbezi ni mahali, na ofisi ya basi husika ni mahali.

Risiti ionyeshe kilichomo, thamani yake, tarehe na namba ya gari. Ipige picha hapo hapo, maana risiti za mashine zinafifia kwa joto na jua. Picha hiyo mtumie na mteja. Pia uliza kama wana leseni ya kusafirisha vifurushi, kwa sababu huduma hii inasimamiwa na TCRA. Mwenye leseni ana mahali pa kushtakiwa.

4. POSTA
Kama mzigo ni wa thamani au ni nyaraka, fikiria EMS. Unapewa namba ya kufuatilia. Kwa mzigo wa nje ya nchi namba hiyo ina herufi 2, tarakimu 9, halafu TZ. Kabla hujalipa, uliza fidia ni kiasi gani ukipotea.

Kuhusu S.L.P.: wengi tumezoea kutumia sanduku la shule au la parokia. Kwa barua ya salamu sawa, lakini kwa biashara omba ruhusa kwanza, au lipia lako kwa mwaka. Posta pia wana huduma ya Posta Kiganjani, ambapo namba yako ya simu inakuwa ndiyo anwani yako.

5. PIMA KABLA YA KUTAJA BEI
Pima mzigo ukiwa umeshafungwa, sio kahawa peke yake. Na kampuni za ndege kama DHL zinaangalia ukubwa pia: urefu × upana × kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la vikapu la 50 × 40 × 40 linahesabiwa kilo 16, hata kama ndani kuna kilo 3. Hapo sasa faida yote inaishia kwenye nauli.

Mwisho, kubaliana na mteja KABLA ya kutuma: nani analipa nauli, na mzigo ukipotea nani anabeba hasara. Yaandikeni kwenye meseji. Siku mambo yakiharibika, utakuwa na cha kuonyesha, sio maneno matupu kama mimi siku ile.

Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni. Biashara njema!