Huenda Dera Lako Lilikuwa Mti

Ukipita madukani mjini Isiolo wakati wa jua kali (na huko jua kali si habari), utaona madera yamening'inizwa hadi barazani. Shika moja. Likiwa laini, lenye kuteleza na ubaridi kwenye ngozi, tafuta kile kitambulisho kilichoshonwa kwa ndani. Ukikuta neno "viscose" au "rayon", basi jua kwamba umeshika mti!

Naam, mti. Mkaratusi, kwa mfano, hukatwakatwa vipande vidogo na kupikwa kwa dawa hadi ibaki selulosi, ile sehemu nyeupe ya ubao. Selulosi hulowekwa katika soda kali, ikatiwa kemikali iitwayo kaboni disalfaidi na kuwa uji mzito kama asali. Uji huo husukumwa kupitia vitundu vyembamba mno hadi ndani ya tindikali, na papo hapo huganda ukawa nyuzi. Waingereza Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle ndio waliopata hati ya ufundi huo mwaka 1892. Barani mwetu, kiwanda cha Saiccor huko Umkomaas, Afrika Kusini, hutengeneza selulosi ya aina hiyo kutokana na miti ya kupandwa.

Lakini je, uzuri huo hauna gharama? Unayo. Kaboni disalfaidi hudhuru mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wanaoivuta. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya viwanda vinatengeneza layoseli, ambayo dawa yake ya kuyeyushia hukusanywa na kutumiwa tena, zaidi ya asilimia 99. Halafu kuna swali la mti wenyewe: ulitoka shambani au msitu wa asili ulifyekwa? Baraza la FSC, lililoanzishwa 1993, huweka viwango vya utunzaji wa misitu. Nembo yake ni mti wenye alama ya vema. Madukani kwetu, kusema kweli, nembo hiyo ni adimu.

Wala asije mtu akaitazama migunga ya Isiolo kwa jicho la kiwanda! Hukua polepole, mbuzi hula maganda yake, na wachoma makaa wameshaipunguza vya kutosha. Afadhali tuwaige Waganda. Wao huambua gome la mutuba, wakalitwanga hadi likawa nguo, huku shina likifungwa majani ya mgomba ili gome liote tena. Mti haukatwi. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005.

Unashuku muuzaji amekudanganya? Chomoa uzi mmoja, uuchome juu ya sahani, watoto wakae mbali. Viskosi huungua kama karatasi na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Na ukifua dera la viskosi usilikamue kwa nguvu, maana nyuzi zake hudhoofika zikilowa. Likung'ute, ulianike kivulini.