Sukari ya paka ipimwe nyumbani

Mwaka 2017 jarida la Veterinary Sciences lilichapisha uchunguzi uliowahoji madaktari wa wanyama 1,192 kuhusu mbwa na paka wanaougua kisukari. Kwa makadirio ya madaktari hao, mgonjwa mmoja kati ya kumi huchomwa sindano ya kumaliza maisha pale pale ugonjwa unapogunduliwa, na mwingine mmoja kati ya kumi hufuata kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu tiba haikufanikiwa au haikufuatwa. Walipoulizwa kinachosukuma uamuzi huo, walitaja magonjwa mengine yanayoandamana na kisukari, gharama, umri, ugumu wa kuidhibiti sukari na jinsi maisha ya mwenye mnyama yanavyovurugika. Sehemu kubwa ya orodha hiyo haimo mwilini mwa mnyama. Imo katika nyumba anamoishi: nani atachoma sindano, saa ngapi, kwa fedha gani, na atajuaje kama dozi ni sahihi. Kwa paka, ambaye kisukari chake kina nafasi nzuri ya kurudi nyuma, swali hilo la mwisho ndilo linalobeba mengine yote. Ndiyo maana mashine ya kupimia sukari inastahili kuingia nyumbani pamoja na chupa ya kwanza ya insulini, badala ya kuonekana anasa ya watu wenye muda na pesa za kuchezea.

Kisukari cha paka kinafanana sana na kile ambacho kwa binadamu huitwa aina ya pili. Mwili unaacha kuitikia insulini ipasavyo, kongosho linalazimika kutoa zaidi, na hatimaye seli zinazoitengeneza zinachoka. Mara nyingi protini iitwayo amiloidi hukutwa imejikusanya katikati yao. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, madume waliohasiwa, wenye umri mkubwa, wanaoshinda ndani bila mazoezi, na waliopewa dawa za steroidi kwa ajili ya pumu au mzio. Uingereza, Australia na New Zealand, paka wa uzao wa Burma nao huugua zaidi ya wenzao. Takwimu za nchi zilizochunguza jambo hili huangukia kati ya paka mmoja katika 100 na mmoja katika 500. Paka wa vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe, anayehangaika kutwa kutafuta vichwa vya samaki, haishi maisha yanayoandaa ugonjwa huu. Anayeyaishi ni paka wa ghorofani Nairobi au Dar es Salaam, mwenye bakuli la chakula kikavu lisiloisha na kochi la kulalia. Dalili zake si za kificho: anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, anakula kwa pupa huku akikonda. Wengine huanza kutembea wakikanyagia visigino vya miguu ya nyuma, kwa kuwa neva zimedhurika.

Haraka ya mwanzo ina sababu ya kibayolojia. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, yenyewe hugeuka sumu kwa seli zinazotengeneza insulini. Ikishushwa mapema, baadhi ya seli hizo hupumzika na kuanza kazi upya, na paka anaweza kufika mahali asihitaji sindano tena. Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha matokeo ya paka 55 waliotibiwa na wenyewe nyumbani kwa insulini ya glargine, wakilishwa chakula chenye wanga kidogo na kupimwa sukari mara kadhaa kila siku. Asilimia 64 waliacha insulini. Kilicho na uzito zaidi ni mgawanyo wa idadi hiyo: miongoni mwa walioanza utaratibu huo ndani ya miezi 6 tangu kugunduliwa, asilimia 84 waliacha insulini, miongoni mwa waliochelewa kuliko hapo, asilimia 35 tu. Mtu anaweza kupinga, na kwa haki, kwamba wenye paka hao walijichagua wenyewe, walikuwa na ari kuliko mtu wa kawaida, na hapakuwa na kundi la kulinganishwa nalo. Kweli, idadi hiyo haimwahidi mtu yeyote kwamba paka wake atapona. Lakini pingamizi hilo halifuti jambo la msingi: watu wasio madaktari waliweza kuifanya kazi hii jikoni na sebuleni kwao, na waliowahi walivuna zaidi.

Je, haitoshi kumpeleka paka kliniki kila baada ya wiki mbili akapimwe na wenye ujuzi? Tatizo ni tabia ya paka mwenyewe. Hofu ya safari, kikapu, mbwa wanaobweka na mikono ya wageni hupandisha sukari yake, hata paka mzima asiye na kisukari huweza kuonekana mgonjwa. Daktari anayeongeza dozi kwa kutazama kipimo cha aina hiyo anatibu hofu. Kipimo cha fructosamine husaidia, kwa kuwa huonyesha wastani wa wiki moja hadi mbili zilizopita, lakini wastani huficha mabonde na vilima vya siku moja. Mkojo nao husema kwa kuchelewa, maana figo za paka hazimwagi sukari mpaka ile ya damu ivuke takriban milimoli 14 kwa lita. Chini ya hapo, mkojo safi hautofautishi sukari nzuri na sukari iliyoshuka kwa hatari. Kinachobaki ni tone la damu kutoka ukingo wa sikio, lililochukuliwa mahali paka alipozoea, kisha likaandikwa kwenye daftari pamoja na saa, dozi na kiasi alichokula. Tahadhari moja ni ya lazima: mashine nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu husoma damu ya paka chini ya kiwango chake halisi. Zipo zilizorekebishwa kwa wanyama. Asiyezipata amweleze daktari anatumia mashine gani, na asibadilishe mashine katikati ya matibabu.

Wanaosema kwamba kumchoma paka sindano mara mbili kwa siku ni ukatili hawajaiangalia sindano yenyewe. Ni nyembamba mno, huingia chini ya ngozi iliyovutwa kidogo, na paka wengi huendelea kula wakati inachomwa. Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni yuniti 1 au isiyozidi 2, kila baada ya saa 12. Hatari iko kwenye hesabu kuliko kwenye maumivu. Insulini nyingi za watu zina yuniti 100 katika kila mililita, ilhali baadhi ya zile za wanyama zina yuniti 40, na kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40, alama ya 1 itakuwa imebeba yuniti 2.5. Ukifanya kinyume chake, paka atapata chini ya nusu ya dozi, na wewe utaendelea kushangaa kwa nini dawa haifanyi kazi. Kosa hili huzuilika kwa kusoma chupa na bomba kabla ya kuondoka duka la dawa. Insulini yenyewe ikae kwenye friji bila kugandishwa, na isiwahi kuachwa kwenye gari juani.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa madaktari wenyewe: mwenye paka akishika mashine ataanza kucheza na dozi, ataishusha sukari kupita kiasi, na paka atafia mikononi mwake. Hofu hii ina msingi. Sukari ikishuka mno paka hulegea, huyumba, hutetemeka, hupata degedege na huweza kufa. Lakini tujiulize ni paka yupi aliye hatarini zaidi. Ni yule ambaye kongosho lake limeanza kuzinduka wiki ya tano au ya sita, naye bado anachomwa dozi ya wiki ya kwanza kwa sababu hakuna anayejua sukari yake ni kiasi gani. Nafuu ikija bila kipimo hugeuka mtego. Katika paka 55 wa Roomp na Rand, ambao sukari yao ilishushwa kwa makusudi karibu na kiwango cha paka mzima, liliripotiwa tukio moja tu dogo la dalili za sukari kushuka. Kipimo ndicho kilichowalinda. Mipaka ya mwenye paka basi iwekwe wazi: apime, aandike, ampigie daktari, asiongeze dozi kwa utashi wake. Paka akikataa kula au akitapika, daktari aulizwe kabla ya kuchoma. Akionekana kulegea, apakwe asali au sharubati ya sukari kwenye ufizi, kisha akimbizwe kliniki. Na ikitokea shaka kama dozi iliingia au ilimwagika kwenye manyoya, isirudiwe. Dozi moja kukosekana ni jambo dogo kuliko dozi mbili kwa pamoja.

Chakula nacho kinaingia katika hoja hii hii. Paka ni mla nyama kwa maumbile; mwili wake umejengwa kuishi kwa protini na mafuta, na uwezo wake wa kushughulikia shehena ya wanga ni mdogo. Chakula kikavu cha dukani mara nyingi hushikamanishwa kwa nafaka, na paka anayelishwa ugali au wali uliochanganywa na mchuzi wa samaki yuko pabaya vile vile. Chakula cha majimaji chenye nyama nyingi na wanga kidogo hupunguza mahitaji ya insulini, pengine ndani ya siku chache. Hapo ndipo wengi hukosea: hubadilisha chakula leo, wakaacha dozi ile ile. Mabadiliko ya chakula yaende pamoja na vipimo, na paka mnene apunguzwe uzito taratibu, maana kumnyima paka chakula ghafla huweza kumharibu ini.

Katika miaka ya karibuni limezuka jibu jingine: kwa nini kuhangaika na sindano ilhali dawa za kumeza zipo? Marekani iliidhinisha kidonge cha bexagliflozin Desemba 2022, na velagliflozin ya majimaji ikafuata mwaka 2023. Dawa hizi huziamuru figo kuitoa sukari kwenye mkojo, na kwa nyumba zinazoogopa sindano ni habari njema. Ila zimeruhusiwa kwa paka ambao hawajawahi kutumia insulini na ambao afya yao ni nzuri vinginevyo. Huweza pia kuficha hatari: paka asiye na insulini ya kutosha anaweza kujaa asidi ya ketoni huku sukari yake ikisoma vizuri. Anayezitumia hulazimika kufuatilia ketoni, hamu ya kula na uzito. Dawa mpya zimebadilisha kinachopimwa. Hazijaondoa wajibu wa kupima.

Limebaki swali la haki, ambalo kwetu haliwezi kukwepwa: je, ni sawa kumnunulia paka insulini katika nchi ambazo wapo watu wanaoikosa? Hesabu inasaidia kupoza swali hili. Paka anayetumia yuniti 2 asubuhi na 2 jioni humaliza yuniti 112 kwa siku 28; chupa ya mililita 10 ina 1,000, na mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya kwanza mara nyingi huhitaji makumi ya yuniti kwa siku moja. Paka hamnyang'anyi mgonjwa dawa yake; uhaba huo unatokana na bei, usambazaji na bajeti za afya. Hata hivyo gharama ni halisi, na kufungwa na ratiba ya sindano ya kila saa 12 ni jambo halisi pia. Ipo familia ambayo kwa kweli haiwezi, na kuna paka ambaye magonjwa yake mengine hayaachi nafasi. Kwa hao, kifo kisicho na maumivu si aibu. Ila uamuzi huo haupaswi kufanywa dakika kumi baada ya jibu la maabara, na mtu ambaye hajaonyeshwa jinsi ya kuchoma wala kupima. Daktari amfundishe mwenye paka mambo hayo mawili kabla hajaondoka kliniki, wakubaliane viwango ambavyo vikifikiwa simu itapigwa, na waipe kazi hiyo miezi mitatu. Baada ya hapo daftari litakuwa na namba za kutosha za kuamulia, na yeyote atakayesema imeshindikana atakuwa anasema kitu kilichojaribiwa.