Haba na Haba Haijazi Kibaba Kilichotoboka

Juma lililopita nilitembelewa nyumbani kwangu hapa Sachangwan na kijana niliyemfunza hisabati hadi akahitimu kidato cha nne. Alikuja na daftari kwapani, akalifungua mezani kwa fahari ya mwanafunzi aliyepata hesabu zote. Mlikuwamo rekodi za fedha anazochezea karata za poka kwa simu yake. Alianza na shilingi 2,600, yaani dola 20 hivi. Baada ya miezi mitano zimekuwa 5,200. “Mwalimu,” aliniambia, “haba na haba hujaza kibaba. Nimemwomba baba asiuze viazi kwa ajili ya karo yangu ya chuo cha ufundi. Mtaji huu ukikua nitajilipia mwenyewe.”

Ilikuwa rahisi kumkemea. Nilijizuia, kwa maana sisi wa Sachangwan tumekwisha kuhubiriwa vya kutosha. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Baada ya maziko hawakukosekana wa kutuambia kwamba tamaa ndiyo iliyoua. Sisi tuliozika tulijua uhitaji ulivyo, na kwamba mwenye uhitaji hasikii mahubiri. Hesabu huenda akaisikia. Kwa hiyo nilichukua kalamu.

Kwanza nilimpa haki yake. Poka si sawa na kubahatisha matokeo ya kandanda, ambapo kampuni ndiyo inayopanga malipo. Hapa mchezaji hushindana na wachezaji wenziwe, na mwenye kujua kukadiria uwezekano humshinda asiyejua. Tena kijana huyu ana nidhamu: kila aketipo mezani haweki zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya mtaji wake. Anayo sababu. Ree mbili, jozi iliyo kuu kuliko zote, humjia mchezaji mara moja tu katika migao 221 kwa wastani. Na hata azipatapo, akipambana na mwenye jozi ndogo hushindwa takriban mara moja katika tano. Anayeweka akiba yake yote kwa mgao mmoja, hata uwe mzuri namna gani, amejichimbia kaburi.

Kisha nilimwomba anisomee saa. Kwa bahati njema alikuwa ameandika pembeni wakati wa kuanza na wa kumaliza, ila hakuwa amezijumlisha. Tulijumlisha pamoja: saa 260. Faida yake ilikuwa shilingi 2,600. Mwanafunzi wa darasa la nne angeweza kugawanya. Kijana wangu alikuwa akijilipa shilingi 10 kwa saa, ujira ambao hakuna kibarua wa kuchimba viazi Molo nzima angeukubali. Na wala hakucheza vibaya! Katika meza za dau la senti moja na mbili za dola, hayo ndiyo mapato ya mchezaji hodari anayecheza meza moja. Wengi hawafiki hapo.

Mbona hawafiki? Kwa kuwa mwenye meza hukata ushuru wake katika fedha zinazoshindaniwa, aghalabu karibu asilimia 5. Tuseme watu sita wameketi, kila mmoja na dola mbili. Zote ni dola 12. Kadiri wanavyocheza, dola hizo hupungua, wala haziongezeki. Wote sita hawawezi kuinuka na faida. Faida ya mmoja hutoka katika mfuko wa mwenziwe, na ushuru hutoka kwa wote. Hicho ndicho kibaba kilichotoboka. Ukijaza kwa haba, sharti ujaze upesi kuliko kinavyovuja.

“Lakini nitapanda meza za juu, Mwalimu,” alinijibu. Huko nako, nilimwambia, walioketi ni wale waliokwisha kuwashinda wa chini. Hapo alinitajia mfano ambao wacheza poka wengi huupenda. Mwaka 2006 bingwa wa Marekani, Chris Ferguson, alianza bila senti moja katika mtandao wa Full Tilt Poker, akiingia mashindano ya bure, na mwaka 2007 akafikisha dola 10,000. Kanuni ya sehemu moja ya ishirini ni mojawapo ya kanuni alizojiwekea.

Kisa hicho ni cha kweli, ila kina sehemu ya pili. Aprili 2011 mkono wa sheria wa Marekani uliifikia kampuni hiyo, ikadhihirika kwamba haikuwa na fedha za kutosha kuwarudishia wateja amana zao. Ferguson mwenyewe alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Kesi ya madai dhidi yake ilimalizika kwa maafikiano, pasipo yeye kukiri kosa. Wachezaji wa Marekani hawakuanza kulipwa hadi mwaka 2014. Wamo bila shaka waliotunza mitaji yao kwa uangalifu mkubwa. Kanuni njema humlinda mtu na pupa yake mwenyewe. Haimlindi na anayemshikia fedha.

Walimu wenzangu, Sheria ya Kudhibiti Kamari ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari. Hata hivyo, wanafunzi wetu hufikisha miaka hiyo, na simu ziko mikononi mwao. Uwezekano tunaufundisha katika kidato cha tatu kwa mipira myekundu na myeusi iliyomo mfukoni. Tuongeze hesabu moja ya ushuru wa meza, na moja ya ujira kwa saa. Hazihitaji fimbo wala mahubiri.

Nanyi wanafunzi, msiidharau nidhamu ya kijana huyu. Atakayetenga fedha za mbegu na fedha za chakula, asitie mtaji wote katika msimu mmoja, na kuandika kila senti, atafika mbali katika shamba, duka au karakana. Mwenyewe hakuniahidi kuacha. Alikaa kimya kitambo, akachora mstari kando ya safu ya faida, akaandika juu yake: “Saa.” Kisha akaniuliza chuo kinafunguliwa lini.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wangu alikuwa na daftari. Kilichokuwa kikipotea bila habari ni umri wake.