Vifaranga Hawali Hewa

Leo tuzungumze juu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zetu hutenga kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Haina riba, lakini lazima irudishwe.

Basi kabla ya kuandika andiko la mradi, kaeni kikundi kizima mpige hesabu. Tuseme mnataka kuku wa nyama 200. Vifaranga kwa shilingi 2,000 ni 400,000. Wengi huishia hapo! Je, watakula nini? Kuku mmoja hula kama kilo 4 mpaka auzwe. Kuku 200 ni kilo 800, yaani mifuko 16 ya kilo 50. Mfuko ukiwa 80,000, jumla 1,280,000: zaidi ya mara tatu ya bei ya vifaranga.

Ongezeni chanjo, mkaa, maranda na usafiri. Kisha hesabuni na watakaokufa. Bei ulizeni dukani, msikisie, na Afisa Mifugo aipitie hesabu yenu. Chakula kikiisha wiki ya tatu, ndugu zangu, kuku watakufa, deni litabaki.