Aoshwe Kwanza, Ndipo Aingie: Kumpokea Mgonjwa Aliyechafuliwa na Kemikali



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini mipango yetu ya afya kwa Wilaya za Tarime na Serengeti inataja bafu la kuogeshea wagonjwa nje ya hospitali, wakati wodini vitanda havitoshi. Swali hilo ni la haki. Tunaomba kulijibu.

Tuchukue mfano. Mkulima wa pamba ananyunyizia shamba lake, na pampu inamvujia mgongoni. Baada ya muda anatokwa na jasho na mate mengi, mboni za macho zinakuwa ndogo sana, anatapika na kupumua kwa shida. Ndugu zake wanampakia kwenye bodaboda, shati likiwa bado limelowa dawa. Muuguzi anampokea kwa mikono mitupu na kumlaza katikati ya wagonjwa wengine. Dawa nyingi za namna hii, ziitwazo organofosfati, hupenya kwenye ngozi. Hivyo daktari anatibu huku shati linaendelea kutia sumu, na muuguzi naye anaweza kuugua.

Kemikali zilizo karibu nasi

Mbali na dawa za pamba na za kuogeshea mifugo, eneo letu lina dhahabu. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mapafuni. Wanaochenjua marudio hutumia sianidi. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Nyamongo, yakaingia Mto Tigithe, na wananchi walilalamikia magonjwa ya ngozi na vifo vya mifugo. Tangu mwaka 2003 nchi yetu ina sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini ajali ikitokea, mgonjwa hukimbizwa kwenye hospitali iliyo karibu.

Funzo kutoka Tokyo

Tarehe 20 Machi 1995 kundi moja la kidini lilimwaga sumu ya sarini, iliyo jamii moja na organofosfati, ndani ya treni za chini ya ardhi jijini Tokyo, Japani. Hospitali ya Kikristo ya Mtakatifu Luka ilipokea watu zaidi ya 600 siku hiyo. Wengi walifika kwa miguu au kwa magari ya kawaida, bila kuoshwa popote. Wengine waliwekwa katika kanisa la hospitali, ambalo halikuwa na hewa ya kutosha, wakiwa na nguo zao. Watumishi walipohojiwa baadaye, karibu mmoja kati ya wanne alisema alipata dalili za sumu, hasa waliohudumu kanisani. Ikiwa hospitali kubwa namna ile ilipatwa na hayo, hospitali zetu zinapaswa kujiandaa mapema.

Hatua zinazotakiwa

1. Mgonjwa apokelewe nje, mahali ambapo upepo haupelekei mvuke mlangoni.

2. Watumishi wavae kwanza: glovu nene za mpira, aproni, mabuti na miwani. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke.

3. Nguo zote zikatwe na kuvuliwa bila kupitishwa usoni, kisha zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya kemikali. Kama ni unga, upanguswe kabla ya kutumia maji.

4. Aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kuanzia kichwani. Macho yasafishwe kwa maji matupu, angalau dakika 15. Maji machafu yaende kwenye shimo lake, mbali na kisima.

5. Aliyezidiwa asingojeshwe. Watumishi waliojikinga wamsaidie kupumua na kumpa dawa kama atropini, huku wenzao wakimvua na kumwosha.

Kikwazo kimoja ni aibu. Muuguzi husita kumvua mama nguo mbele ya watu, na ndugu hukataa. Kwa hiyo pazia, khanga safi na mhudumu wa kike ni sehemu ya tiba.

Wajibu wetu

Tiba ya dharura bado ni changa nchini. Idara kamili ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Lakini bafu la nje halihitaji mashine. Linahitaji sakafu ya zege yenye mteremko, bomba, tangi lenye maji wakati wote, pazia na sanduku la vifaa vya kujikinga. Linahitaji pia mazoezi ya mara kwa mara, maana watumishi huhamishwa na glovu huisha. Tunawaomba wafadhili wasichangie ujenzi tu, bali pia mafunzo na vifaa vya kila mwaka.

Kamati za sharika, tafadhali watangazieni waumini na majirani: mtu akimwagikiwa kemikali, mvueni na kumwosha kabla ya kumpakia, nanyi mkijikinga mikono. Aliyekunywa sumu asilazimishwe kutapika. Pigeni simu hospitalini kabla ya kufika, na leteni lebo au chupa ya dawa ikiwa imefungwa ndani ya plastiki. Kopo la dawa lisitekewe maji kamwe.

Ndoo mbili za maji na kipande cha sabuni kijijini vinaweza kuokoa mkulima, dereva na muuguzi kwa pamoja.