Kompyuta Kongwe na Kioo Cheusi

Siku moja jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniletea kompyuta kongwe iliyoviringishwa katika kanga, akaniarifu kwa huzuni kwamba imekwisha kufa. Usiku uliotangulia alikuwa ameitia mfumo mpya wa Linux. Maandishi meupe yakapita kiooni kama ada, lakini pale picha ilipotazamiwa kudhihiri, kioo kikawa cheusi, na katikati ya weusi ule yakatokea maneno machache ya kusema kwamba ishara iliyopokewa imevuka mpaka. Niliiwasha mbele yake, tukasikia feni ikivuma; nikabonyeza kitufe cha Num Lock, taa yake ndogo ikawaka, nikakibonyeza tena ikazimika. Mashine inayoitikia kibodi haijafa: akili yake i timamu, ila imekosa njia ya kudhihirisha kile inachokijua.

Ili tufahamu maradhi haya, yafaa kwanza tufahamu kwamba picha ya kompyuta ni hesabu kabla ya kuwa nuru. Skrini yenye vitone 1024 kwa upana na 768 kwa kimo ina jumla ya vitone 786,432, na kila kitone kikitengewa baiti 4 ili kipate rangi zake zote, picha moja peke yake hudai megabaiti 3 za kumbukumbu. Kadi ya picha ya zamani yenye megabaiti 1 haina mahali pa kuuweka mzigo huo. Lakini ukiiridhia itumie baiti 1 kwa kila kitone, yaani rangi 256, picha ile ile huenea na nafasi ikabaki. Aidha, picha hiyo sharti ichorwe upya aghalabu mara 60 kwa sekunde, na kila skrini ina kiwango cha kasi ambacho haiwezi kukipita. Skrini nene za kale ziliweza hata kudhurika kwa kulazimishwa kupita kiwango hicho, kwa hiyo hadhari ni wajibu kwa kila anayebadili vipimo kwa mkono wake.

Basi kompyuta huijuaje mipaka ya skrini iliyo mbele yake? Huiuliza. Skrini hujibu kwa waraka mfupi wa baiti 128, unaotaja vipimo na kasi inazoziweza. Katika waya wa VGA, ambao kiunganishi chake kina pini 15 zilizopangwa safu 3, mazungumzo hayo hupita katika pini ya 12 na ya 15. Nilipoutazama waya wa mwalimu kwa kurunzi, niliona pini ya 12 imelala ubavuni kama mche uliokanyagwa. (Pini ya 9 haikuwapo kabisa, lakini hiyo si aibu, kwani nyaya nyingi hutengenezwa bila yake.) Rangi zilikuwa na njia yao, ila swali la kompyuta halikufika, nayo ikabahatisha kipimo ambacho skrini ile ndogo haikuweza kukihimili.

Si kila kioo cheusi husababishwa na waya, wala si busara kubadili mambo matatu kwa mpigo, kwa maana ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Anza na waya, kisha jaribu skrini nyingine. Vikiwa salama, bonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja. Mara nyingi utatokea ukurasa wa maandishi matupu unaokutaka jina na neno la siri. Ukiingia, fungua faili iitwayo /var/log/Xorg.0.log, ambayo katika mifumo mingi ndiyo daftari la kila jambo lililojaribiwa katika kutafuta picha. Mistari yenye alama (WW) ni maonyo tu. Yenye (EE) ni makosa, na humo aghalabu mkosaji hutajwa kwa jina lake. Tazama pia kama limebaki faili la kale liitwalo xorg.conf, kwani mifumo ya sasa hujipangia mambo yenyewe, na amri zilizoandikwa kwa ajili ya kadi nyingine zaweza kuipoteza njia. Usilifute, libadili jina tu, ili uweze kulirejesha.

Hata ukurasa wa maandishi ukikosekana, bado iko hila. Katika orodha ya GRUB itokeayo mashine inapowaka, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza kwa neno linux, uongeze mwishoni neno nomodeset, kisha bonyeza Ctrl na X. Kwa neno hilo, kiini cha mfumo huacha kuipangia kadi vipimo vyake, na katika mashine nyingi za zamani draiva nyonge ya vesa hupata nafasi ya kushika kazi. Draiva hiyo ni nzito kwa mwendo, lakini huzungumza lugha ambayo karibu kila kadi kongwe inaifahamu. Badiliko hili hudumu kwa safari moja tu, kwa hiyo halina hasara. Picha ikipatikana, hata ya vitone 640 kwa 480, umepata ardhi ya kusimama. Panda kutoka hapo hatua moja moja, na uchague mazingira mepesi kama LXDE au Xfce badala ya yale yaliyojaa madoido.

Wala mashine dhaifu si jambo geni kwa kazi hii. Mfumo wa X, ambao kwa miaka mingi ndio uliobeba picha za Linux, ulianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani, na toleo lake la 11 likatoka mwaka 1987, zama ambazo kompyuta zilikuwa na kumbukumbu haba kuliko simu ya kawaida ya leo.

Pini ile niliinyoosha kwa kibano, taratibu, nisije nikaivunja. Tulipoiwasha tena, picha ilitokea kwa vitone 800 kwa 600, na mwalimu akaketi kuandika. Nawe msomaji, kabla hujaitupa kompyuta yako kwa sababu kioo chake ni cheusi, bonyeza Num Lock utazame ile taa. Ikiitika, keti nayo kwa subira, usome ilichoandika.